Mtoto anayejikwaa jioni haigizi

1.
Nesi wenu wa Mlabani nipo. Leo nina la macho, na ni refu, kwa hiyo chukua chai yako ukae. Naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na makosa ya wengine hamtaniamini. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili familia isitambulike, ila kilichotokea ni hiki.

2.
Nilikuwa nesi mgeni kazini, kwenye zahanati moja ya huku bondeni ambayo sitaitaja. Mama akamleta kijana wake wa darasa la tano. Jioni anajikwaa. Anagonga kuni zilizopangwa mlangoni. Akitumwa dukani baada ya magharibi anakataa kata kata. Msimu wa kuamia ndege, wenzake wanatoka mashambani giza likiingia wanakimbizana juu ya kingo za majaruba, yeye anamshika mdogo wake shati.

Nikamsimamisha uani, saa nne asubuhi, jua limewaka. Nikatundika ile chati ya herufi E, nikapima mita 6. Dogo akasoma mpaka mstari wa chini bila kukosea. Nikaandika kwenye daftari lake: "Macho mazima." Nikamwambia mama ampe mboga za majani na papai, wakaenda zao. Mimi nikaona nimemaliza kazi.

3.
Lile daftari likaenda kufanya kazi ambayo sikulituma. Baba alipolisoma akasema, "Si mnaona? Mvivu tu huyu." Ikawa kila akikataa kutumwa jioni, fimbo. Shuleni nako akaitwa mzembe. Bibi mmoja wa jirani akasema amefungwa macho na mtu, wakahangaika na waganga misimu miwili, mbuzi wakaisha.

Alipokua, baba akauza mpunga, akaongeza mkopo, akamnunulia pikipiki apige bodaboda kama vijana wenzake. Jioni moja, kwenye saa moja kasoro, akamgonga mama wa baiskeli aliyetoka kununua samaki. Mama wa watu akavunjika mguu. Kijana akaapa: "Sikumwona. Ametokea tu." Watu wakamzomea. Nani asiyeona baiskeli nzima yenye ndoo nyuma?

Nilikutana nao wodini. Mama yake akatoa lile daftari kwenye mfuko wa rambo, amelitunza miaka yote. Akanionyesha mwandiko wangu. Hakusema kitu.

Kijana alikuwa anasema kweli. Baadaye, Dar es Salaam, daktari bingwa wa macho alimwandikia retinitisi pigmentosa. Miaka 9 ilikuwa imepita tangu nimpime.

4.
Sasa twende darasani kidogo. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, unaitwa retina. Ndani yake kuna seli za aina mbili. Za kwanza zinafanya kazi kwenye mwanga hafifu na zimejaa zaidi pembeni: ndizo zinazokuonyesha njia usiku, na ndizo zinazokushtua kitu kikitokea ubavuni. Za pili zinafanya kazi kwenye mwanga mzuri na zimejazana katikati: hizo ndizo unazosomea, unazotambulia sura ya mtu na rangi ya kitenge.

Retinitisi pigmentosa, madaktari wanafupisha RP, ni kundi la magonjwa ya kurithi. Mara nyingi kasoro ya jeni huua kwanza zile seli za usiku na za pembeni, kidogo kidogo, kwa miaka. Zile za katikati hata kama hazina kasoro yenyewe, zinawategemea jirani zake, kwa hiyo nazo mwishowe hudhoofika. Duniani inakadiriwa mtu 1 kati ya 4,000 hivi anao. Ni wachache, lakini si wachache kiasi cha kusema huku kwetu haupo.

5.
Unavyokwenda, kwa wengi, ni hivi.

Kwanza usiku unapotea. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Mtoto akitoka juani akaingia chumba chenye giza, wenzake wanazoea baada ya muda mfupi, yeye anabaki amesimama.

Kisha pembeni panaanza kutoboka. Hapo ndipo anapogonga stuli, anamkanyaga mtoto mdogo aliyekaa chini, unampa kikombe anapeleka mkono pasipo. Halafu huyo huyo anaokota sindano sakafuni na anasoma meseji kwenye simu. Ndiyo maana watu wanasema anaigiza.

Kisha panabaki katikati tu, kama mtu anayechungulia dunia kwa mwanzi. Wengi wanafika hapa wakiwa watu wazima, wengine mapema zaidi. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa ni kipofu kama uwanja wake wa kuona haufiki zaidi ya nyuzi 10 kutoka katikati, hata kama katikati hapo anasoma vizuri. Rudia kusoma sentensi hiyo. Mtu anaweza kusoma gazeti na bado akahesabiwa kipofu.

Mwisho katikati napo panafifia: kusoma kunakuwa kugumu, rangi zinachanganyika, jua linamuumiza. Giza totoro kabisa si la wote. Wengi hubaki na mwanga kidogo mpaka uzee.

Kasi haifanani. Hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

6.
Kuna jambo linatusumbua sana sisi tunaopima: mgonjwa mwenyewe hajui kilichopotea. Haoni weusi pembeni. Wewe unaona nini sasa hivi nyuma ya sikio lako? Huoni weusi, huoni tu. Naye ni hivyo hivyo. Ubongo unajazia mapengo, anaamini anaona picha nzima, mpaka baiskeli "itokee hewani".

Na chati ya herufi E inapima katikati tu, tena mchana kweupe. Yaani nilimpima mahali pale pale ambapo ugonjwa ulikuwa haujafika, kwenye saa ile ile ambayo hausumbui. Chati haikukosea. Nilikosea mimi, kwa kuandika "macho mazima" wakati nilichojua ni kwamba katikati ni pazima.

Wauguzi wenzangu mnaonisoma, mtoto akija na lalamiko la usiku, msimamieni uso kwa uso, azibe jicho moja, akutazame puani, halafu uchezeshe vidole ukivileta kutoka pembeni. Akichelewa kuviona kuliko wewe, mpe rufaa. Haihitaji umeme wala mashine.

7.
Huku kwetu kuna mambo mawili yanayofanana na RP, na ni lazima yatajwe.

La kwanza ni upungufu wa vitamini A. Huo nao huanza kwa kutoona usiku, ila unatibika, na akipata dozi sahihi usiku hurudi ndani ya siku chache. Kwa hiyo mboga za majani na papai si ushauri mbaya. Ubaya ni kushauri halafu usimwite tena kuangalia kama umesaidia. Amepewa vitamini A na baada ya wiki mbili bado anajikwaa? Usiendelee kumnunulia vidonge dukani, vikizidi ni sumu. Mpeleke mbele.

La pili ni usubi. Mnaotoka ng'ambo ya mto, Ulanga, milima ya Mahenge, mnaujua. Unaletwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Wadudu wake wakiingia jichoni wanaweza kuharibu kioo cha mbele, lakini pia retina na mshipa wa jicho, na uwanja wa kuona ukabana kama wa RP. Na kwa sababu familia moja inakaa kando ya kijito kimoja, babu anapofuka, baba anapofuka, watu wanasema "ni wa ukoo". Kumbe ukoo umerithi kijito. Usubi una kinga na dawa, ndizo zile ivermectini zinazogawiwa bure kila mwaka, tumezeni jamani.

Ukiyajua haya mawili utaona kwa nini neno "ni ya ukoo" lisisemwe kienyeji. Kuna familia zimekaa na ugonjwa unaotibika zikidhani ni wa kurithi. Na kuna familia kama ile ya daftari langu.

8.
Tukija kwenye kurithi, naomba tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo ndoa zinavunjika.

Kuna njia kuu tatu. Ya kwanza: baba na mama wote wazima, kila mmoja amebeba nakala moja yenye kasoro bila kujua. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Ndiyo maana unaweza kupata mgonjwa mmoja kwenye ukoo mzima ambao haujawahi kuona kitu kama hicho. Wazazi wakiwa ni ndugu wa damu, mathalani watoto wa kaka na dada, uwezekano wa wote wawili kubeba kasoro ile ile unakuwa mkubwa zaidi. Ya pili: mzazi mmoja anaumwa, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu. Ya tatu: mama amebeba, yeye mwenyewe haumwi au anaumwa kidogo, ila watoto wake wa kiume wana nafasi ya nusu kwa nusu, na kwao huwa mkali.

Hiyo ya tatu inatumiwa vibaya. "Ugonjwa umetoka kwenu." Shemeji zangu, hakuna mama anayechagua jeni ya kumpa mwanawe, kama ambavyo baba hachagui urefu. Na bila vipimo vya jeni huwezi kusimama kwenye kikao cha ukoo ukasema umetoka wapi. Ukisema, unamtukana mtu tu.

Na kama mtoto alizaliwa na shida ya kusikia halafu akaanza kusumbuka usiku, mwambieni daktari mambo yote mawili. Ipo aina inayogusa masikio na macho kwa pamoja, inaitwa Usher. Mtoto kiziwi anategemea macho kuona ishara za mikono, na taa ikizimika anabaki peke yake kabisa.

9.
Najua swali linalofuata. "Nesi, dawa ipo?"

Marekani waliidhinisha tiba ya jeni mwezi Desemba 2017, inaitwa Luxturna. Inasaidia wenye kasoro kwenye jeni moja tu, RPE65, wakati jeni zinazoweza kuleta magonjwa haya ni nyingi mno. Bei yake ilitangazwa dola 850,000 kwa macho mawili, kama shilingi bilioni 2 za kwetu. Siwaletei habari hiyo kuwakatisha tamaa. Ni hatua kubwa, na watafiti wanaendelea. Nawaletea ili mtu akikuuzia chupa ya matone ya "kufufua retina" kwa laki tatu pale stendi, ujue anauza nini.

Ila kusema "hakuna kinachofanyika" nako ni uongo. Wenye RP wengi hupata mtoto wa jicho wakiwa bado vijana, na huo unafanyiwa upasuaji. Wengine katikati ya retina huvimba maji, na kuna dawa za kupunguza. Kuna waliopoteza miaka ya kuona vizuri kwa sababu walishaambiwa "ni RP, nenda nyumbani" na hawakurudi tena kliniki.

10.
Sasa maoni yangu, ambayo najua baadhi yenu mtayapinga.

Ugonjwa huu hautupi tiba, lakini unatupa kitu ambacho ajali haitoi: muda. Miaka 10, 20, wengine 30, kati ya jioni ya kwanza ya kujikwaa na siku ambayo herufi zinagoma. Na sisi, wahudumu na familia, muda huo tunautumia kuficha. Nesi anaandika "macho mazima". Mzazi anasema "atakua ataacha". Mganga anakula mbuzi. Daktari anamwambia mzazi pembeni, na mzazi anamwambia mtoto "utapona ukiwa mkubwa". Mtoto anafika miaka 20 hana fimbo, hana nukta nundu, hana fundi aliyemfundisha kazi. Ana pikipiki ya mkopo.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto mwenyewe aambiwe, kwa lugha ya umri wake, mapema. Akifika umri wa kuuliza, ajibiwe.

11.
Mtanijibu: "Utamvunja moyo." Nimeona watoto walioambiwa na nimeona waliofichwa. Aliyeambiwa analia, halafu anauliza maswali. Aliyefichwa anajiona ni mzembe, kwa sababu ndivyo anavyoitwa kila siku, na hajui kwa nini anagonga vitu ambavyo wenzake hawagongi. Kwangu mimi, huo ndio moyo uliovunjika.

Mtanijibu tena: "Ukimpa fimbo nyeupe unamwita kipofu." Fimbo unajifunza vizuri ukiwa bado unaona, kama unavyojifunza kuogelea kabla mtumbwi haujapinduka. Mchana anaweza asiihitaji. Usiku aitumie, na dereva atakayemwona atapunguza mwendo. Nukta nundu vilevile, kidole cha mtoto kinajifunza haraka kuliko cha mtu wa miaka 40.

Na mtanijibu: "Atakuwa nani huyo?" Amon Mpanju haoni, ni mwanasheria, na amekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria. Si wote watafika huko, hata wanaoona hawafiki. Kuna anayefuga, kuna anayenunua na kuuza mchele. Kinachotakiwa ni aanze mapema kazi ambayo macho yake hayataikimbia. Udereva hapana. Nasema wazi, bodaboda hapana, hata kama mchana anaona vizuri.

12.
Mambo ya kushika mkononi:

Anza kliniki ya macho iliyo karibu nawe, omba rufaa ya bingwa. Muhimbili, CCBRT na KCMC wana mabingwa wa macho. Nauli ni mzigo, najua, treni na basi vyote vinataka hela. Bado ni nafuu kuliko misimu miwili ya waganga.

Pima na ndugu zake wote, hata wasiolalamika.

Shuleni, zungumza na mwalimu. Mtoto akae penye mwanga mzuri, ubao usiwe na mng'aro. Angalizo: maandishi makubwa hayamfai kila mtu. Anayechungulia kwa mwanzi, ukimkuzia herufi sana zinatoka nje ya mwanzi. Muulize yeye ukubwa upi anausoma vizuri. Kwenye mitihani ya taifa kuna utaratibu wa watahiniwa wenye uoni hafifu, ila shule lazima imsajili hivyo mapema.

Zikihitajika shule zenye walimu wa wasioona, zipo, kama Buigiri kule Dodoma, Uhuru Mchanganyiko Dar es Salaam, Irente kule Lushoto. Chama cha Wasioona Tanzania kipo tangu 1964. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamlinda. Si hisani unayoomba.

Nyumbani, kila kitu kikae mahali pake. Stuli isihame. Ndoo isiachwe njiani. Tochi iwe yake, asigombanie na mtu.

13.
Namalizia na familia ile. Kijana aliuza pikipiki, akalipa hela ya mguu wa yule mama, deni lingine wanaendelea nalo. Siku hizi ananunua mpunga na mdogo wake, yule wa shati. Mdogo anaendesha, yeye anapima na kupanga bei, na kwenye bei hadanganyiki.

Tulipopima watoto wengine wa nyumba ile, binti wa mwisho alichelewa kuona vidole vyangu. Miaka 11, ule ule umri. Akanitazama akaniuliza, "Nesi, nitaona mpaka lini?"

Mama yake akaniangalia kama ananiomba nidanganye. Nikamwambia binti: tarehe siijui, hakuna anayeijua. Ninachojua ni mpangilio. Usiku kwanza, pembeni baadaye, katikati mwisho. Kwa hiyo tuna kazi ya kufanya kabla. Alilia. Kesho yake alikuja mwenyewe kuuliza fimbo inauzwa wapi.

Safari hii niliandika daftari lake vizuri. Niliandika alichoshindwa kuona, saa ngapi, upande upi, na tarehe ya kurudi.

Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayeshika shati la mwenzake jioni, kesho usimwite mvivu. Mlete. Na kama wewe ndiye uliyekuwa mtoto huyo na hujawahi kumwambia mtu, andika hapa chini au nitafute. Nipo.